Anza na alama za vipimo

Mwalimu, umeuliza utawafundishaje vipimo kwa Kiingereza wanafunzi ambao Kiingereza chenyewe bado kinawapiga chenga. Anza na alama, maana kg (kilogramu), m (mita), s (sekunde) na N (nyutoni, kipimo cha nguvu ya kusukuma au kuvuta) hazibadiliki lugha yoyote. Wape rula wapime meza, waandike 1.2 m, ndipo uwatajie jina la Kiingereza wakiwa wameshaliona kwa macho. Herufi kubwa na ndogo usizipitie juujuu, maksi nyingi hupotelea hapo: K ni kelvini, kipimo cha jotoridi, k ni kilo, yaani mara elfu moja, mW ni miliwati, MW ni megawati, tofauti ya mara bilioni moja! Fasili ndefu za kukariri ziache kwanza. Wakishaweza kusema urefu wa meza kwa sentensi moja kamili, ongeza uzito na muda.