Mgeni kaja na hotuba mfukoni

Barua za safari hii karibu zote ni za podikasti za mahojiano. Naona kila mwenye maiki mbili ameamua kuwahoji wakubwa wa kwao, na mimi sina neno baya na hilo maana wengi wa hao watu hawajawahi kuandikwa popote. Nimechagua tano, wengine msininunie, zamu yenu inakuja.

SWALI: Kaka mhariri shikamoo. Tuna podikasti mimi na mwenzangu, majuzi tumempata kiongozi mmoja wa eneo letu, mtu mkubwa, tumemhangaikia miezi mitatu. Kaja, kaongea saa zima, na ukisikiliza hakuna alichosema. Kila swali anajibu "changamoto zipo ila tumejipanga". Wasikilizaji wamekimbia dakika ya kumi. Tulikosea wapi?
Wahangaikaji wawili

JIBU: Marahaba wanangu. Poleni, ila jueni huyo mtu maswali yenu ameshaulizwa mara mia na majibu anayo kichwani kama namba yake ya simu, ukimuuliza "una mipango gani" ni kama umebonyeza kitufe, inatoka ile ile. Mipango, mafanikio, changamoto, na ujumbe kwa vijana, hayo manne yafuteni kabisa kwenye daftari, hasa la mwisho, nimelichoka mpaka nalisikia usingizini.

Kinachomtoa mtu kwenye hotuba ni siku. Siku moja, kikao kimoja, uamuzi mmoja. Usimuulize uongozi ni mgumu kiasi gani, muulize "siku ile mlipopiga kura kuhusu ule mradi, aliyepinga alikwambia nini mlipotoka nje?" Hapo lazima akumbuke, na mtu akikumbuka utamuona tu, macho yanahama, sauti inashuka, anaanza "unajua bwana, siku ile…" na hapo ndo kipindi chako kimeanza, hata kama saa inasema dakika ya ishirini na tano. Sasa swali kama hilo halishuki kutoka mbinguni, lazima uwe umesoma kumbukumbu za vikao, umesikiliza mahojiano yake ya nyuma, umekaa na mtu aliyefanya naye kazi. Mimi natumia kama saa nne kujiandaa kwa saa moja ya kurekodi na bado kuna wageni wananishinda.

Halafu kuna kunyamaza, hili vijana mnaliogopa kuliko giza. Robert Caro, yule mwandishi wa Marekani aliyetumia miongo kuandika maisha ya rais Lyndon Johnson, ameeleza kwamba akiwa anahoji na mtu akanyamaza, yeye anaandika herufi mbili kwenye daftari, SU, yaani "shut up", za kujikumbusha afunge mdomo, na madaftari yake yamejaa hizo herufi. Mgeni akimaliza jibu hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo huku unamtazama. Ataona jibu halijatosha, ataongeza kitu, na hicho cha kuongeza hakikuwemo kwenye hotuba. Ukimya wenyewe utaukata ukiwa unaediti, hakuna atakayejua.

Na mlimhojia wapi? Nahisi ofisini kwake, yeye nyuma ya meza, bendera pembeni, simu zinaita. Juni 2015 Marc Maron, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa na podikasti yake ya mahojiano, alimrekodi Barack Obama akiwa bado rais, kwenye gereji ya nyumbani kwa Maron. Gereji jamani! Mtoe mtu nyuma ya meza yake, hata kama ni kuhamia chumba cha pili na viti viwili vya kawaida, sauti inabadilika yenyewe.

SWALI: Mimi nina mgeni mfanyabiashara mwenye jina. Anataka nimtumie maswali yote kabla, anataka asikilize kipindi kabla hakijatoka, na amesema yuko tayari kunilipa "kidogo cha usumbufu". Nikikataa haji. Nifanyeje dada yenu?
Nimebanwa

JIBU: Dada, hayo ni mambo matatu na kila moja lina jibu lake. Maswali usitume, tuma mada. Ukimtumia maswali atakuja na majibu yaliyoandikwa na mtu wake wa matangazo, utamsikia kabisa anasoma. Mada zinamtuliza bila kumkausha. Terry Gross, mtangazaji wa Marekani ambaye yuko kwenye kipindi cha redio cha Fresh Air toka 1975, huwaambia wageni kabla ya kuanza kwamba swali likigusa pabaya waseme tu na atahamia lingine, ila wanasiasa hawapi hiyo nafasi, na mimi namuunga mkono mia kwa mia.

Kusikiliza kabla, mwambie hapana kwa upole, lakini mwahidi kwamba akikosea tarehe au takwimu akakuambia utarekebisha. Mkubaliane kabla maiki hazijawashwa, kwa ujumbe wa maandishi, maana ugomvi wote wa "lile neno litoe" huwa unakuja baada ya mke wake kusikiliza.

Pesa sasa. Akilipa hilo ni tangazo, na tangazo si dhambi, ila liseme dakika ya kwanza kwa sauti ile ile unayotumia kusalimia. Usipolisema wasikilizaji watalinusa tu, mfanyabiashara aliyelipia huwa hana siku hata moja aliyopata hasara. Na hilo ndo swali lake kama hajalipa, muulize mzigo ulioharibika, mteja aliyehama, mwezi ambao mshahara wa watu ulichelewa na aliwaambia nini.

SWALI: Sauti yetu ina mwangwi kama tuko bafuni wakati tumenunua maiki nzuri tu ya kondensa. Shida nini?
Fundi mitambo asiyesomea

JIBU: Shida ni chumba, maiki haina kosa. Kondensa ina masikio makali, inachukua sauti yako, na ile inayogonga ukuta ikarudi, na friji ya jirani juu yake. Kwenye chumba kitupu tafuta maiki za dainamiki, zile zinazosikia zaidi cha karibu, au ubaki na hiyo hiyo ila ujaze vitu laini, mapazia, magodoro, mablanketi, kabati la nguo lililofunguliwa. Mdomo uwe karibu, ngumi moja hivi kutoka kwenye maiki na kwa pembeni kidogo ili "p" zisipige kama ngoma. Kila mtu arekodiwe kwenye treki yake, yaani sauti yake peke yake, sauti za juu zisizidi kama -12 dB, na ukimaliza kuediti fikisha kwenye -16 LUFS, yaani ukubwa wa sauti kwa wastani wa kipindi kizima, ndo kipimo Apple wanachopendekeza. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, usiogope ukubwa, saa moja ya maiki moja kwa 48 kHz na biti 24 ni kama MB 500, ukiigeuza kuwa MP3 iliyobanwa ya kbps 128 inashuka chini ya MB 60.

Na vaa hedifoni wakati wa kurekodi, usingoje baadaye. Mimi niliwahi kumhoji mwanamuziki mmoja mzee, dakika hamsini, kalia, kacheka, kaimba. Kinasa changu ukibonyeza mara moja taa nyekundu inapepesa tu, inakusubiri, mpaka ubonyeze mara ya pili ndo inarekodi. Nimekuja kuangalia kioo kimeandika sifuri, sifuri, sifuri. Taa inapepesa. Mzee ananiangalia, mimi naangalia taa.

SWALI: Wasanii jamani! Nimemhoji mchoraji mmoja, kila swali "ndiyo", "hapana", "kawaida tu". Kwenye michoro yake ana maneno mengi, kwenye maiki hana.
Nimechoka na kawaida

JIBU: Yule mzee wangu alikubali kurudia, na niwaambie ukweli mara ya pili alikuwa mtamu zaidi, alishaniona mjinga kwa hiyo hakuniogopa tena. Baadaye ndo nikajua kuna mtu aliishi hivyo, Studs Terkel, aliyehoji watu kwenye redio ya WFMT ya Chicago kuanzia 1952 mpaka 1997, alikuwa hajui mashine kabisa, anahangaika na tepu mbele ya mgeni, mgeni anamsaidia, na wakimaliza kuhangaika wameshakuwa marafiki. Sisemi uharibu mitambo makusudi.

Kwa mchoraji wako, acha kumuuliza sanaa ina maana gani kwake, hilo hata yeye hajui. Mkae mbele ya mchoro mmoja, maiki mkononi, umuulize hii kona alianza na rangi gani, wapi alifuta, mkono huu mbona mkubwa kuliko mwingine. Atanyoosha kidole na atasahau maiki. Mwanamuziki hivyo hivyo, aje na ala yake, umuulize ubeti alioutupa. Ila kupiga rekodi yake kwenye kipindi ni habari nyingine, rekodi inaweza kuwa mali ya kampuni iliyoitoa, uliza kabla hujaletewa barua ya mwanasheria.

SWALI: Tuna wasikilizaji arobaini tu. Nani mwenye jina atakubali kuja?
Mdogo wenu

JIBU: Mdogo wangu, podikasti zenyewe zilianza hivyo. Mwaka 2003 Christopher Lydon, mwandishi wa habari wa Marekani, alikuwa anarekodi mahojiano na kuyaweka kwenye intaneti, na kati ya wageni wake wa mwanzo alikuwemo Dave Winer, jamaa yule yule aliyekuwa anamsaidia mambo ya kiufundi. Neno "podikasti" lenyewe halikuwepo, lilitokea Februari 2004 mwandishi Ben Hammersley alipolitupia kwenye gazeti la Guardian la Uingereza pamoja na majina mengine mawili ya kubahatisha. Kwa hiyo anza na aliye karibu.

Na usianze na aliye madarakani saivi, huyo ana msemaji, ana ratiba na ana woga. Mtafute aliyetoka. Mwalimu mkuu aliyestaafu, kiongozi wa zamani wa chama cha wafanyabiashara, mpiga gitaa wa bendi iliyovunjika. Hao hawaulizi una wasikilizaji wangapi, wanauliza unakuja saa ngapi. Piga simu kesho asubuhi, wastaafu wanaamka mapema.