Ukitaka kujua kama templeti ya bure inafaa, jaribu kuiacha

Ninyi mnaoanza kutengeneza tovuti kwa WordPress mtakuta templeti za bure (mafaili yanayoamua sura ya tovuti) zimejaa tele, na karibu zote zitawapendeza. Sasa hilo la kupendeza liwekeni pembeni. Demo, yaani tovuti ya maonyesho ya templeti, hutengenezwa na mtu anayejua udhaifu wa templeti yake: kila kichwa cha habari kina maneno matatu, picha zote zina upana mmoja, hakuna makala isiyo na picha. Mara nyingi hata picha zile hazimo kwenye faili unalopakua. Ukishasakinisha unabaki na ukurasa mweupe na menyu iliyojipanga wima, unaanza kudhani umekosea wewe.

Templeti ipimwe kwa maudhui mabaya. Liko faili la majaribio la WordPress liitwalo Theme Unit Test, la XML, ambalo unaliingiza kupitia dashibodi. Ndani yake mna makala isiyo na kichwa, nyingine yenye kichwa kirefu kupita kiasi, orodha ndani ya orodha, majedwali, na maoni yanayojibiana ngazi kwa ngazi. Ongezea na makala zako kadhaa, zile ngumu hasa. Usijaribie kwenye tovuti ambayo tayari ina wasomaji. WordPress Playground inaendesha WordPress nzima ndani ya kivinjari, huhitaji hata seva.

Kisha fungua zana za wasanidi za kivinjari, punguza upana hadi pikseli 360, upana wa simu nyingi, na uanze kusoma kama msomaji. Jedwali ndilo linalonifichulia mengi. Templeti iliyofikiriwa italiacha jedwali litelezeke peke yake ndani ya nafasi yake. Iliyolipuliwa italiacha lisukume ukurasa mzima, mpaka aya za kawaida nazo zinakatika ukingoni. Tazama pia vichwa vya habari. Wabunifu wengi hupima kwa maneno mafupi ya Kiingereza, lakini neno kama "walivyoshughulikiwa" kwa herufi kubwa kwenye safu nyembamba linavuka mpaka. Na ukiona kitufe cha kusoma zaidi kimebaki kwa Kiingereza hata baada ya kubadilisha lugha ya tovuti, tafuta folda ya lugha yenye faili la .pot, lile linaloorodhesha maneno ya kutafsiriwa. Ikiwa halipo, huenda maneno hayo yamechomekwa moja kwa moja ndani ya msimbo na utayafukuzia moja moja.

Rangi zipime, usizikadirie kwa macho. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na kijivu kile chepesi kinachoonekana cha kisasa mara nyingi hakifiki. Kasi nayo utaipata kwa Lighthouse, kipimo kilichomo kwenye zana za wasanidi za Chrome: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Templeti ikishindwa ingali tupu, usitegemee itajirekebisha ukishaijaza.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hivyo, na ambacho wageni hawakifanyi, ni kuondoka. Tengeneza kurasa chache kwa vikorombwezo vyote ambavyo templeti inajivunia: safu, slaidi, vitufe. Halafu washa Twenty Twenty-Five au templeti nyingine ya kawaida ya WordPress, urudi kutazama kurasa zilezile. Kama aya na picha zako zipo, hata zikiwa hazina urembo, uko salama. Kama umebakiwa na mabano ya mraba yenye amri zisizoeleweka katikati ya sentensi, ujue maudhui yako yalikuwa mateka. Kuna jambo baya zaidi: baadhi ya templeti hujiundia aina zao za maudhui, tuseme "miradi" au "wafanyakazi", na ukiizima, menyu hiyo hutoweka kwenye dashibodi. Data bado imo kwenye hifadhidata, ila mwenye tovuti anaona kazi yake yote imepotea, na atakupigia simu wewe. Kuunda aina za maudhui ni kazi ya programu-jalizi, yaani nyongeza inayosakinishwa kando ya templeti. Saraka rasmi ya WordPress inakataa templeti zinazoifanya, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuanza kutafuta huko kabla ya kwingine.

Nje ya saraka hiyo, ongeza tahadhari. Templeti ya kulipia inayogawiwa bure na mtu asiyejulikana usiiguse, hata kama rafiki yako anaitumia na "haijamletea shida". Iliyobaki, ifungue: tafuta base64_decode, eval na gzinflate, amri za PHP zinazoweza kutumika kuficha msimbo, kwenye mafaili ya functions.php na footer.php. Maneno hayo peke yake si hatia, ila mistari mirefu ya herufi zisizosomeka karibu nayo haina maelezo mazuri. Sehemu ya chini ya ukurasa, kagua viungo vyote, hasa vilivyofichwa kwa rangi ya usuli.

Tarehe ya sasisho la mwisho itazame pia. Ikiwa imepita miaka 2, saraka yenyewe hukuonya.

Ukishachagua, usibadilishe mafaili ya templeti yenyewe hata kwa rangi moja, maana sasisho lijalo litafuta kila ulichoandika. Kwa zile za zamani, tengeneza templeti-mtoto: folda yenye style.css ambayo mstari wake wa Template unataja folda ya mzazi. Templeti za bloku, ambazo ukurasa wake wote hupangwa kwa vipande ndani ya kihariri, zilizoingia na WordPress 5.9 mwaka 2022, huhifadhi mabadiliko unayofanya kwenye kihariri ndani ya hifadhidata, hivyo sasisho haliyagusi. Kwa anayeanza leo ningependekeza hizo, ingawa kihariri chake kitamchosha wiki ya kwanza.