Viatu vya Taa na Fungu la Makala

Swali: Likizo ya Noeli imefika, na mwanangu wa miaka minane anataka viatu vinavyowaka taa alivyoviona katika soko la Kadutu, ingawa vya shule bado ni vizima. Nikikataa, analia kwamba simpendi. Nimweleweshe vipi? – Mama wa watoto watatu, Bukavu.

Jibu: Mama mpendwa, mtoto wa umri huo haelewi kwa maneno matupu. Kabla ya kwenda sokoni, zitenge faranga za juma zima mbele ya macho yake: hizi za unga, hizi za makala, yaani mkaa wa kupikia, hizi za sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na mafuta, na zile za minervali, yaani karo ya shule, ambazo haziguswi hata siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya. Kisha mwulize ni fungu lipi lipunguzwe ili viatu vipatikane. Akinyooshea makala kidole, usimcheke. Mwulize tu sambaza zitaivia wapi.

Hata hivyo, sikubaliani na wazazi wanaoifanya kila tamaa kuwa kosa, kwani nguo mpya ya sikukuu ni furaha halali. Mpe kiasi kidogo kiwe chake, na akikimaliza kwa biskuti siku ya kwanza, usimwongezee, hata bibi yake akimwombea.