Nimezika wavulana wawili, je, huyu atapona?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka saba, mzima kabisa. Baada yake nimezika wavulana wawili, wote kabla ya kutimiza mwaka. Utando mweupe mdomoni hauishi, kuharisha, nimonia juu ya nimonia. Wa pili kidonda cha chanjo ya begani kilichimbika, tezi za kwapani zikavimba. VVU walipimwa, hawakuwa navyo. Mama yangu naye alipoteza wavulana wawili wachanga. Sasa nina mimba ya miezi saba na wakwe wanasema nina mkosi. Nifanye nini?
Mama Salma, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni hao wajomba. Wavulana wanakufa wachanga upande wa mama, mabinti wanabaki wazima: sisi madaktari wa watoto tukisikia hivyo tunafikiria SCID, upungufu mkali wa kinga wa kurithi. Kwa barua siwezi kuthibitisha, lakini usingoje.

Aina inayofuata mkondo huo hutokana na hitilafu katika jeni ya IL2RG, iliyotambuliwa mwaka 1993. Iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni mwilini. Ikiharibika, seli za kinga hazipokei ishara ya kukua, na seli T, askari wakuu wa kinga, hazipatikani. Wewe una X mbili, nzima inakukinga. Mvulana ana moja tu, kwa hiyo kila mimba ya mvulana ni nusu kwa nusu. Hilo si mkosi, wala hukulitenda wewe. Na wakwe wajue kwamba zipo aina nyingine, kama ya jeni ya ADA, ambazo mtoto hurithi kwa baba na mama wote wawili.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla ya kujifungua, mwambie mkunga na daktari habari yote hii, na iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Mtoto asichomwe BCG, ile chanjo ya kifua kikuu ya begani, wala kupewa matone ya polio mpaka apimwe. Chanjo hizo zina vijidudu hai. Kwa mtoto mwenye kinga ni salama, kwa asiye nayo BCG yenyewe husambaa mwilini. Nahofia ndicho kilichompata mwanao wa pili.

Akizaliwa, apimwe FBP, yaani picha kamili ya damu, kipimo kilichopo karibu kila hospitali ya wilaya. Usiridhike na jibu la “damu iko sawa”. Uliza hesabu ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu: ikiwa chini ya 3,000 kwa mikrolita, apelekwe haraka hospitali ya rufaa. Hata ikiwa juu, kwa historia yenu omba seli T zihesabiwe.

Tiba ipo: kupandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Wanaofanyiwa kabla ya miezi mitatu na nusu, bila maambukizi, zaidi ya 90 katika 100 huishi. Salma naye apimwe, maana ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Asipolingana, siku hizi hata uloto wa mzazi hutumika.