Bomba, ndoo na namba ya Reynolds: kwa mnaoanza maabara ya vimiminika

Wadogo zangu, darasani mtaambiwa kwamba namba ya Reynolds ikiwa chini ya 2,000 hivi, maji ndani ya bomba yanakwenda kwa matabaka, na ikivuka 4,000 yanavurugika. Ni kweli. Lakini jueni mnachopiga hesabu: kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato kinematiki (uzito wa kimiminika katika kutiririka, yaani mnato wake ukigawanywa kwa densiti). Kipenyo cha ndani, siyo nusu yake, wala siyo kile kilichochapwa ubavuni mwa bomba.

Chukua bomba la milimita 15 ndani, maji ya nyuzi 20. Mnato ni kama 0.000001 m²/s, kwa hiyo ili usivuke 2,000, kasi isizidi sentimita 13 kwa sekunde. Tega ndoo ya lita 20 hapo: itajaa baada ya dakika 14. Bomba la nyumbani likitoka hivyo, watu wanauliza kama maji yanakatwa! Kwa hiyo maji tunayochota kila siku karibu yote yamevurugika. Mafuta ya injini yenye mnato mara 100 ya maji, katika bomba lile lile, yangehitaji mita 13 kwa sekunde kufika hapo.

Sasa mtego unaonasa wengi. Kwa kuwa kipenyo kiko juu ya mstari, mtu anadhani akiweka bomba jembamba namba itashuka. Ikiwa ujazo unaopita kwa sekunde ni ule ule, inapanda! Kipenyo kikipungua nusu, kasi inakuwa mara nne, na namba inakuwa mara mbili. Ifanyeni hesabu hii wenyewe kwa kalamu mpaka iwakae.

Mimi kilichonikwamisha ni joto. Uzi wa rangi (wino mwembamba unaoingizwa katikati ya maji ili uonyeshe yanavyokwenda) kwenye bomba la kioo ulikuwa unakatika, yaani maji yanavurugika, nikiwa nimehesabu 1,700 tu, nikarudia mara tatu, jibu lile lile. Fundi wa maabara akaniuliza, "Mwanangu, maji yana nyuzi ngapi?" Nikachovya kipimajoto: 29. Tangi lilikuwa juu ya paa, linapigwa jua la Dar es Salaam tangu asubuhi, na mimi nimetumia mnato wa nyuzi 20. Nilipoweka 0.00000082, ile 1,700 ikawa karibu 2,070. Tangu siku hiyo joto ndicho kitu cha kwanza ninachoandika.

Na msiichukue 2,000 kama ukuta. Osborne Reynolds mwenyewe, katika majaribio aliyoyafanya Manchester na kuyachapisha mwaka 1883, aliyaacha maji yatulie kwa saa nyingi, akaweka mdomo mpana kama tarumbeta kwenye kioo, na uzi wake ukabaki umenyooka hadi namba ikapita 10,000. Chini ya 2,000 msukosuko unakufa wenyewe. Juu yake, kishindo cha mlango kinaweza kuuamsha.

Urefu nao. Mtiririko wa matabaka unahitaji nafasi ya kujipanga: takriban 0.06 mara namba ya Reynolds mara kipenyo. Kwa bomba letu ni mita 1.8. Ukipima presha sentimita 30 tu kutoka maji yanapoingia bombani, ile kanuni ya msuguano wa matabaka, 64 gawanya kwa namba ya Reynolds, haitakupa msuguano sahihi.

Fungueni koki taratibu sana. Uzi ukianza kutikisika, usiiguse tena. Kinga maji kwenye silinda, hesabu sekunde, kisha soma kipimajoto upya.