Nyama ya kusaga kwa mtoto mdogo: shughulika na ulaini kwanza

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akitema nyama ya kusaga, wengi husema hapendi nyama. Mara nyingi anachokataa ni chenga. Magego ya kwanza huota takriban kati ya miezi 13 na 19, na yale ya nyuma yake huweza kukawia hadi karibu miaka mitatu. Kabla hayajatimia hana cha kutosha kusagia. Chembe kavu za nyama humzunguka mdomoni, hazishikamani, hazimezeki, naye anazitoa. Ukiipata nyama laini yenye rojo, ladha haitakusumbua sana.

Kazi inaanzia bucha. Chagua kipande cha steki kisicho na mfupa, chenye mafuta kidogo, kisha kisagwe mbele yako. Nyama iliyokwisha kusagwa hujui imekaa tangu saa ngapi, wala imetoka sehemu gani ya mnyama. Omba isagwe mara mbili, maana mara ya pili ndiyo inayokata kano. Ile ya mwanzo kutoka kwenye mashine mara nyingi ni mabaki ya mteja aliyetangulia, kwa hiyo mwombe muuzaji aiweke kando. Steki kavu kabisa isiyo na mafuta nayo siishauri kwa mtoto: ikiiva inakuwa kama mchanga. Ukifika nyumbani ipapase yote kwa vidole vilivyonawa, utoe kipande chochote cha mfupa au kano. Dakika mbili hizo usiziruke.

Kwa watoto wawili, na kiporo cha kesho, tumia robo kilo ya nyama, kitunguu maji kimoja kidogo, punje moja ya kitunguu saumu, karoti moja, kiazi mviringo kimoja cha wastani, nyanya tatu zilizoiva hasa, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, robo kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya unga, na vikombe viwili vya maji. Kitunguu, karoti na kiazi vikwaruze kwa matundu madogo. Nyanya zikate nusu na uzikwaruze upande wa ndani, ganda libaki mkononi ulitupe. Ganda la nyanya likiiva hujikunja kama uzi na kunata kwenye kaakaa, na mtoto akishakabwa nalo mara moja atakishuku chakula chote.

Sasa jambo linaloamua mapishi yote. Usiitupe nyama ghafi kwenye mafuta ya moto. Moto mkali huishika kabla hujaitenganisha, inakuwa mabonge, na ukiyaponda baadaye unapata chenga ngumu. Iweke kwenye bakuli, mimina kikombe kimoja cha maji baridi, uivuruge kwa uma mpaka iwe kama uji mzito usio na donge.

Kaanga kitunguu maji kwa mafuta kwenye moto mdogo, dakika tano au sita, kilainike bila kuwa kahawia. Kikiungua kinaleta uchungu ambao mtoto anauhisi upesi. Tia kitunguu saumu na bizari, koroga nusu dakika, kisha epua sufuria. Mimina nyama na maji yake, rudisha jikoni, na koroga kwa mwiko bila kuacha mpaka wekundu wote uishe. Povu likipanda lichote, lakini maji usiyamwage, kwani ndiyo yenye utamu wa nyama.

Wekundu kuisha ni lazima, wala si suala la kupenda. Katika steki nzima vijidudu hukaa zaidi juu, lakini mashine ya kusagia huvichanganya hadi ndani, na watoto chini ya miaka mitano huumia vibaya na maradhi hayo. Nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi 71 za Selsiasi hadi katikati. Ikichemka kwa muda tutakaoutaja hapa, itavuka kiwango hicho.

Tia karoti, kiazi na kikombe cha pili cha maji, funika, chemsha taratibu dakika 10. Nyanya zifuate baada ya hapo. Ukizitanguliza, uchachu wake unakifanya kiazi kikatae kulainika, hata ukiongeza muda. Zikishaingia, funika tena dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo; kama unatumia mkaa, punguza makaa. Kiazi kitayeyuka na kuishika nyama. Chota kijiko ukiinamishe: rojo inatakiwa ishuke polepole ikiwa na nyama yake. Maji yakijitenga pembeni, funua kifuniko uendelee kidogo. Ikiwa imekauka, ongeza maji moto. Ikiwa chachu, nyanya hazikuwa zimeiva, nazo zinataka muda zaidi na karoti nyingine. Sukari haina kazi hapa.

Chumvi bado haijaingia, na ni kwa makusudi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mwongozo wa afya wa Uingereza ni gramu 2 za chumvi kwa siku nzima, na hizo ni karibu theluthi ya kijiko cha chai. Mkate na vyakula vingine tayari vinachukua sehemu yake. Vidonge vya supu na viungo vya pakiti vimejaa chumvi, viache. Ukizidisha vipimo ili wakubwa nao wale, chota ya watoto kwanza, kisha sufuria ya wakubwa tia chumvi, pilipili na dania upendavyo. Hivyo nyumba nzima inakula chungu kimoja.

Mpe vijiko vitatu au vinne vya chakula juu ya wali bokoboko, viazi vya kuponda au ugali laini. Wali mkavu unaoachana utarudisha tatizo lile lile la chembe. Koroga na uonje kabla ya kumpa, kwa sababu rojo ya kiazi huficha moto katikati. Aketi wima, na usimwache peke yake anapokula. Chai usimpe pamoja na mlo huu: inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, na chuma ndiyo sababu kubwa ya kumpikia nyama. Kipande cha chungwa au papai kinasaidia chuma hicho kifyonzwe.

Kinachobaki kiweke kwenye friji kikishapoa kidogo, kisizidi saa mbili nje, na kwenye joto kali kisizidi saa moja. Kitumie ndani ya siku mbili. Cha kugandisha kigawe kwa mlo mmoja mmoja kwenye vikopo vidogo. Siku ya kukitumia kiyeyushie ndani ya friji, ongeza vijiko viwili vya maji maana rojo itakuwa imekaza, na kipashe mpaka kichemke. Sahani aliyokwisha kuigusa mtoto kwa kijiko chake hairudishwi kwenye friji. Umeme ukikatika muda mrefu na nyama ikayeyuka na kupata joto, itupe.