Maswali na majibu: alama za epijenetiki kwenye saratani ya tezi za mate

Swali: Majibu ya kinyama cha parotidi (tezi ya mate iliyo mbele ya sikio) yameandikwa "p16 chanya". Ni habari njema kama ilivyo kwa saratani ya koo?

Hapana. Swali hili halichoki kuja. p16 ni protini ya seli, na kwenye koromeo ina maana kwa sababu virusi vya HPV ndivyo vinavyosababisha protini hiyo ijae, na hata huko lazima angalau asilimia 70 ya seli zishike rangi kwa nguvu. Kwenye tezi za mate HPV kwa kawaida haina mkono. Kisha kuna wanaoleta makala za methilesheni (alama ya epijenetiki: kikemikali kinachobandikwa kwenye DNA bila kubadili herufi zake) ya CDKN2A, jeni inayotengeneza p16, kana kwamba ni jambo lilelile. Jeni ikifungwa kwa methilesheni, protini hupungua. Huku imejaa, kule imezimwa: mnachanganya vitu viwili vinavyopingana.

Swali: Nina vipande 40 vya tishu iliyohifadhiwa kwenye nta, vya saratani za tezi za mate za aina mbalimbali. Nataka kupima methilesheni ya jeni 20 nijue ipi inabashiri vifo. Nianzie wapi?

Anzia kwa kuvitenganisha. Uainishaji wa WHO wa 2022 una aina zaidi ya 20 za saratani hizi, na hazina mwendo mmoja. Saratani ya mirija ya mate mara nyingi huua ndani ya miaka michache. Saratani ya adenoidi sistiki huweza kutulia kisha ikazuka mapafuni baada ya miaka 10. Ukizitia kapu moja, jeni "inayobashiri kifo" huenda inakutajia tu aina ya uvimbe, jambo ambalo daktari wa patholojia alishaliona kwa darubini.

Halafu piga hesabu. Jeni 20 zisizohusiana na chochote, kila moja ikipimwa kwa kiwango cha 0.05, zinakupa uwezekano wa takriban asilimia 64 wa kuokota angalau moja "yenye maana". Tuseme kati ya wagonjwa 40 wamefariki 12. Kwa kanuni ya matukio 10 (hapa vifo) kwa kila kigezo, data hiyo inabeba kigezo kimoja tu, nawe unataka pia umri, hatua ya ugonjwa na kingo za upasuaji. Wengi hapo hutafuta mpaka wa asilimia ya methilesheni unaopendeza kwenye mchoro, kisha huuandika kana kwamba uliamuliwa mapema. Hiyo ni kujidanganya kwa takwimu.

Chukua aina moja, jeni mbili au tatu zenye sababu ya kibiolojia, andika mpaka huo wa asilimia kabla ya kufungua data ya vifo, na tafuta kundi la pili kutoka kwingine la kuthibitishia. Mwongozo wa REMARK, wa kuripoti tafiti za alama za kubashiri mwendo wa saratani, upo tangu 2005. Usomeni kabla ya kukata vipande, si wakati mhariri amerudisha makala.

Swali: PCR yangu (kipimo cha kuzidisha DNA) ya methilesheni inatoa chanya kwa kila sampuli, hata tezi isiyo na saratani. Kwa nini?

Mshukiwa wa kwanza ni bisulfaiti, kemikali ya kuandalia DNA. Kazi yake ni kugeuza sitosini (mojawapo ya herufi za DNA) isiyo na methili kuwa urasili na kuiacha yenye methili. Ikiishia njiani, sitosini zilizobaki husomeka kama zenye methili, na kila kitu kinakuwa chanya. Kila mara weka DNA yenye methili kamili, DNA isiyo nayo kabisa, na kisima kimoja cha sahani ya kipimo chenye maji matupu. Kisima cha maji kikitoa mstari, tatizo ni uchafuzi.

Vidhibiti vikiwa safi, mshukiwa wa pili ni kipimo chenyewe. PCR hii hunasa hata chembe chache zenye methili, na tishu ya kawaida huwa nazo kidogo, hasa umri ukisogea. Hamia pairosikwensi, njia ya kusoma herufi za DNA, ikupe asilimia badala ya ndiyo au hapana.

Angalia na nta. Formalini, dawa ya kuhifadhia tishu kabla ya nta, huvunja DNA na bisulfaiti huikata zaidi, kwa hiyo lenga vipande vifupi vya DNA, chini ya jozi 150 za herufi. Kwangua eneo lenye uvimbe kwa kufuata kioo kilichotiwa rangi: saratani ya mukoepidamoidi mara nyingi huzingirwa na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), na usipoziondoa utapima methilesheni ya limfosaiti.

Swali: Mate yanaweza kuchukua nafasi ya kinyama?

Si kwa kuamua matibabu. DNA iliyomo kwenye mate kwa wingi ni ya seli za kinywa na chembe nyeupe za damu.

Swali: Kama jeni zimefungwa, si tutumie dawa za kuzifungua?

Azasitidini na desitabini, dawa za kuondoa methilesheni, zina kazi yake kwenye magonjwa ya uboho. Kwa adenoidi sistiki, ambayo jeni zake za kupanga kromatini (DNA pamoja na protini inazojizungushia) kama KDM6A na CREBBP huharibika mara kwa mara, ilijaribiwa vorinostati, dawa nyingine inayolenga kromatini. Waliopungukiwa na uvimbe ni wachache mno. Wengi "walitulia", lakini uvimbe huu hutulia wenyewe pia. Msikubali neno hilo bila kuuliza ulikuwa unakua kwa kasi gani kabla ya dawa.

Swali: Nidai kipimo cha methilesheni kabla ya kukubali mionzi?

Dai kwanza ripoti kamili: aina, daraja, ukubwa kwa sentimita, kingo za upasuaji, kama neva na tezi limfu zimevamiwa. Hayo ndiyo yanayoamua mionzi. Methilesheni ya jenomu nzima husaidia kutambua aina pale darubini inaposhindwa, na kwa hilo naiunga mkono. Uso ukianza kulegea upande wa uvimbe, usisubiri kipimo chochote cha jeni. Nenda kwa daktari wa upasuaji sasa.

Swali: Adenoidi sistiki, miaka mitano bila dalili. Nimepona?

Endelea na kliniki, na kifua kipigwe picha.